Shajara ya mradi: mtandao wa chuo usiolala

Hii ni shajara ya kazi ya kitengo cha TEHAMA katika chuo kimoja cha Tanzania. Jina la chuo nimeliacha, anwani za IP nimezibadilisha, na watu nimewataja kwa vyeo tu. Mwanzoni niliandika kwa ajili ya wenzangu wa zamu, ili anayeingia kazini asianze kuuliza upya. Nimeisafisha kidogo baada ya wenzetu wa vyuo vingine kuiomba. Wana rauta kama zetu, na naamini wana stoo kama yetu.

Jumatatu

Mtoa huduma wetu wa intaneti ameleta barua pepe fupi. Anwani moja ya umma ya chuo imeonekana ikijaribu kuingia kwenye vifaa vya watu wengine kwa telnet (njia ya zamani ya kuamrisha kifaa kutoka mbali), yaani poti ya 23. Ushahidi ni mstari mmoja: tarehe ya Jumamosi, saa 23:12, anwani yetu, anwani iliyojaribiwa. Basi. Poti ya chanzo, yaani namba ya mlango ambao muunganisho ulitokea kwetu, haikuandikwa.

Kukosekana kwa poti ya chanzo si jambo dogo. Hosteli, maabara, ofisi, maktaba, simu za wanafunzi na za walimu, wote tunatoka nje kwa anwani chache kupitia NAT, yaani rauta hubadilisha anwani zetu za ndani kuwa za umma. Aliye nje anatuona sote kuwa mtu mmoja. Ili umjue aliyetoka lazima uwe na anwani, poti ya chanzo na saa, halafu rauta yako iwe imeandika nani alipewa poti ipi kwa saa hiyo. RFC 6302, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 2011, uliwashauri wenye seva za umma waandike poti ya chanzo pamoja na saa sahihi kwa sababu hiyohiyo. Rauta yetu nayo haikuwekewa mahali pa kutunza kumbukumbu za NAT, kwa hiyo pande zote mbili za daraja zina pengo.

Kikao cha dharura kilifanyika saa tano asubuhi. Nusu ya waliokuwepo walisema ni hosteli, kwa sababu kila kitu kibaya kwenye mtandao huu ni hosteli: wanapakua muvi, wanaweka programu za ajabu. Mkuu wa kitengo alikuwa na jibu la karibu zaidi. Alileta daftari la maabara ya uzamili. Jumamosi ile, saa tano usiku, walikuwa wamesaini vijana watatu, na maabara hufungwa saa sita.

"Hawa hapa," alisema. "Waende kwa Mshauri wa Wanafunzi."

"Mkuu, naomba tusubiri hadi tuwe na kitu mkononi."

"Nakupa wiki hii na ijayo. Ila daftari linabaki ofisini kwangu."

Mradi umezaliwa hapo. Hauna bajeti, una tarehe ya mwisho.

Jumanne

Jambo la kwanza nililofanya ni kumwuliza mtoa huduma: saa 23:12 ya wapi? Amejibu kwa neno moja, UTC, yaani saa ya kimataifa ya kulinganishia.

Ripoti nyingi za aina hii huandikwa kwa UTC. Hata zile ambazo Shadowserver Foundation, shirika la usalama wa mtandao, huwatumia wenye mitandao bila malipo zina saa za UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo 23:12 ya Jumamosi ni 02:12 ya Jumapili kwetu, au kwa kinywa cha kila mtu hapa chuoni, saa nane na dakika kumi na mbili, usiku wa kuamkia Jumapili. Maabara ilikuwa imefungwa kwa karibu saa mbili, na mlinzi wa jengo ameandika kwa mkono wake kwamba alipokea funguo saa sita na robo.

Nimekaa na daftari zote mbili zaidi ya nilivyotarajia. Kwenye la maabara kuna aliyeandika "5:00", kuna aliyeandika "23:00", na mmoja ameandika "11 usiku". Wote wameingia ndani ya nusu saa ileile. La mlinzi linahesabu Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza. Seva ya DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa, inaandika saa za Afrika Mashariki, swichi kuu inaandika UTC, na swichi mbili za jengo la utawala ziko mwaka 1970 kwa sababu hakuna aliyeziambia mahali pa kuulizia saa. Ukitaka kumtia mtu hatiani kwa logi za chuo hiki, unaweza kumchagua yeyote umtakaye, kisha ukatafuta saa itakayomfaa.

Nimempelekea Mkuu hesabu hiyo kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, akakubali kwamba saa nane usiku maabara haina mtu, lakini daftari hakulirudisha.

"Basi tutazame kamera za korido. Labda walibaki ndani."

Watu wa ulinzi wameleta vipande vya video kwenye flashi. Picha ni nzuri kuliko nilivyodhani. Tatizo liko kwenye kona ya juu: tarehe inasomeka Januari 2000. Betri ya saa ndani ya DVR, yaani kinasa video cha kamera, imekufa, umeme ukikatika inarudi mwanzo, na wenyewe wameshazoea. Siku wanaijua kwa kutazama nani alikuwa zamu. Nimeandika pembeni: *DVR haipati saa kutoka popote. Kwa nini?* Halafu nikaendelea na mengine.

Leo pia nimesanidi seva ndogo ya saa ndani ya mtandao na kuelekeza swichi zote kwake. Kuanzia sasa kila logi inaandikwa kwa UTC, na anayetaka saa za nyumbani aongeze tatu mwenyewe.

Jumatano

Ninachohitaji ni NetFlow, yaani muhtasari wa miunganisho ambao rauta huutoa. Rauta yetu ya mpakani ni MikroTik, ina uwezo huo tayari. Kinachokosekana ni mashine ya kupokea. Kuna kompyuta ya zamani ya mezani isiyo na diski. Nimeandika dokezo sabili kwenda Manunuzi kuomba diski moja, na nimelibeba mwenyewe kwa mkono, maana dokezo lisilobebwa hulala.

Mwenzangu alipendekeza tusisubiri: tuchomeke laptopu kwenye poti ya kioo ya swichi kuu, inayonakili kila kinachopita, na kunasa kila kitu kwa Wireshark, programu ya kusoma pakiti (vipande vya data) zenyewe. Nimekataa, na sababu naiandika hapa kwa sababu swali litarudi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka ukusanye kile tu kinachohitajika kwa lengo ulilolitaja. Kupitia mpakani kwetu kuna barua za wagonjwa wa zahanati ya chuo, maombi ya mikopo na mapenzi ya watu. NetFlow haigusi hayo. Inaandika nani alizungumza na nani, kwa poti ipi, pakiti ngapi, baiti ngapi, kuanzia saa ngapi. Kwa swali letu inatosha. Kunasa pakiti kamili kutakuja baadaye, kwa kifaa kimoja kinachojulikana, kwa maandishi ya Mkuu.

Wakati nasubiri diski nimetazama grafu za zamani. Mchana hazisemi kitu, ni milima tu. Usiku ndio wenye habari. Kati ya saa nane na saa kumi alfajiri data inayotoka inapaswa kushuka karibu na sakafu, na zamani ilikuwa ikishuka. Tangu miezi kadhaa nyuma idadi ya pakiti kwa sekunde haishuki chini ya kiwango fulani. Ujazo wa baiti unashuka vizuri, pakiti hazishuki. Kuna kitu kinatuma pakiti nyingi ndogondogo, na hakilali. Mchana kipo pia, ila kimefunikwa.

Hilo linaeleza malalamiko ambayo tumekuwa tukiyajibu kwa "ongezeni bando": kurasa kufunguka kwa kusitasita huku laini haijajaa. Rauta inatunza jedwali la miunganisho yote inayoendelea, na kila pakiti ya kubisha hodi inachukua nafasi kwenye jedwali hilo hata kama hakuna aliyeitikia.

Ijumaa

Umeme ulikatika saa tatu usiku wa jana, ukarudi alfajiri. Kwa kawaida ningeandika "hakuna kazi iliyofanyika". Safari hii kukatika kumefanya kazi kuliko sisi.

Hosteli hazina jenereta. Vituo vya Wi-Fi vya hosteli vilizimika vyote, na simu za wanafunzi zilihamia kwenye bando zao. Jengo la utawala, maktaba na chumba cha seva vina jenereta. Nimeifungua grafu ya usiku ule nikiwa na chai mkononi: sakafu ya pakiti ndogo iko palepale karibu usiku kucha. Ilishuka kwenye zile dakika chache tu kabla jenereta haijawaka, kisha ikarudi na jenereta.

Kwa hiyo si hosteli. Nimewaandikia wote waliokuwa kwenye kikao, pamoja na picha ya grafu. Amejibu mmoja tu, kwa kuuliza kama nina uhakika.

Jumatatu

Diski imefika. Ni ndogo kuliko niliyoomba, lakini inatosha. nfdump, programu ya kupokea na kusoma NetFlow, iko kazini tangu saa nne asubuhi.

Nilianza na njia ambayo kila mtu huanza nayo, kupanga kwa baiti nani katuma nyingi. Wa kwanza kwenye orodha ni mashine ya maktaba inayomwaga data kwenda kampasi ya chini kila usiku. Ni nakala rudufu ya hifadhi ya tasnifu. Halali kabisa, ingawa nimewaomba waisogeze ianze saa saba usiku. Wa pili, sasisho za Windows. Wa tatu ni profesa mmoja anayepandisha video za mihadhara. Hakuna mhalifu.

Nikapanga kwa idadi ya anwani tofauti zilizofikiwa, na hapo orodha ikageuka. Juu kabisa imekaa anwani ya ndani, 10.20.8.45, iliyozungumza na maelfu kwa maelfu ya anwani duniani kote, kila moja kwa pakiti moja, na karibu hakuna iliyojibu. Nanakili mstari mmoja (anwani iliyobishiwa hodi nimeiweka ya mfano; bendera S ni ombi la kuanza muunganisho):

10.20.8.45 kwenda 192.0.2.1, poti 23, TCP, bendera S, pakiti 1, baiti 40

Mistari yote inafanana na huo. Kuna mambo matatu ya kutazama.

Kwanza, poti. Nyingi ni 23, lakini takribani moja katika kila kumi ni 2323.

Pili, baiti 40. Pakiti ya kwanza ya TCP kutoka kwenye kompyuta ya kawaida huwa na nyongeza: kwenye Linux hufika 60, kwenye Windows mara nyingi 52. Arobaini ni kichwa cha IP na kichwa cha TCP vikiwa vitupu. Hiyo haikutengenezwa na mfumo endeshi. Imeandikwa kwa mkono ndani ya programu yenye haraka.

Tatu, na hili ndilo lililonifurahisha, poti ya chanzo ni ileile kwa pakiti zote. Kompyuta ikifungua miunganisho elfu hubadilisha poti ya chanzo mara elfu. Hii haibadilishi. Ile namba ambayo mtoa huduma hakutuandikia Jumatatu iliyopita, kama tungeipata kwenye mistari kadhaa, ingetudokeza kwamba tunatafuta mashine moja na programu moja.

Nilikumbuka kisa cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Mei 2003 seva yao ya saa ilianza kufurikwa na pakiti za poti 123 kutoka kila pembe ya intaneti, na kama ilivyo desturi walidhani wanashambuliwa. Kilichowatoa gizani ni kwamba pakiti zile zote zilikuwa na poti ya chanzo 23457. Hakukuwa na mshambuliaji. Zilikuwa rauta za nyumbani za Netgear ambazo mtengenezaji alizichongea anwani ya seva ya chuo kile ndani ya programu yake, na zikikosa jibu zinauliza tena kila sekunde. Laki kadhaa za rauta zikiulizana saa na chuo kimoja. Kwa hiyo sikutaka kuita kitu chetu "shambulio" kabla sijakiona kwa macho.

Jumanne

Mkuu amesaini ruhusa ya kunasa pakiti za 10.20.8.45 pekee, kwa dakika kumi. Sikuhitaji hata moja.

Kila muunganisho wa TCP huanza na namba ya mfuatano, na namba hiyo inapaswa kuwa ya kubahatisha. Kwenye pakiti zetu namba ya mfuatano ni anwani ya anayetumiwa, ikiwa imeandikwa kama namba moja ndefu. Ukimtumia 192.0.2.1, namba ni 3221225985. Ukipiga hesabu ya 192 mara 16777216, ukaongeza 2 mara 256, ukaongeza 1, unaipata. Programu inafanya hivyo ili isilazimike kukumbuka imembisha nani: jibu likirudi, linabeba uthibitisho wake lenyewe. Ndiyo alama ya vidole ya Mirai na watoto wake.

Kwa asiyemfahamu: Mirai ni programu hasidi inayoingia kwenye kamera, DVR na rauta ndogo kwa telnet, ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zinazozidi 60. Inapita kama mtu anayetembea mtaa mzima akijaribu kila kitasa, bila kujali nyumba ni ya nani. Ikiingia, inafunga telnet nyuma yake ili mwingine asiingie, inaanza kutafuta wengine, na inasubiri amri ya kushambulia. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa hivyo liliilemea kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa zikapotea Marekani kwa saa kadhaa.

Nilifanya kosa dogo la kidiplomasia... hapana, acha niseme ilivyokuwa: Mkuu aliuliza nani aliitengeneza, nami nikamjibu ukweli. Paras Jha, aliyekuwa mwanafunzi wa Rutgers huko New Jersey, alikiri mahakamani Desemba 2017 kwamba aliiunda akiwa na wenzake wawili. Alikiri pia kwamba kati ya Novemba 2014 na Septemba 2016 aliushambulia mtandao wa Rutgers yenyewe. Oktoba 2018 akapewa kifungo cha nyumbani cha miezi sita na kuamriwa kulipa fidia ya dola milioni 8.6.

"Si unaona?" Mkuu alisema. "Mwanafunzi."

"Ni kweli, Mkuu. Ila msimbo wake ulimwagwa hadharani mwishoni mwa Septemba 2016. Tangu hapo ni wa kila mtu. Hiki chetu hakijui hata kama kiko chuoni."

Alicheka kidogo. Nadhani daftari lilianza safari ya kurudi hapo.

Jumatano

Anwani tunayo, mwenyewe hatuna. 10.20.8.45 haiko kwenye DHCP, mtu aliiandika kwa mkono ndani ya kifaa. Rauta imetupa MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Tarakimu ya pili ya MAC hiyo si 2, 6, A wala E, kwa hiyo si simu iliyojibunia anwani, kama zinavyofanya simu nyingi za Android na iPhone tangu 2019 na 2020. Baiti tatu za mwanzo zinaonyesha mtengenezaji wa vibao vya kielektroniki ambaye hatuna kwenye rejista ya mali.

Kufuata MAC ni kazi ya miguu. Swichi kuu inasema: imetoka upande wa jengo la utawala. Swichi ya jengo inasema: poti 17. Poti 17 kwenye mchoro wetu imeandikwa "akiba". Kebo yake inapanda darini. Darini kuna swichi ndogo ya plastiki, isiyosimamiwa na mtu, imefungwa kwa kamba ya katani, vumbi la miaka. Kutoka hapo kebo moja inashuka kwenye chumba chenye kufuli, mlango umeandikwa STOO YA VIFAA VYA USAFI.

Funguo anazo mzee wa zamu ya mchana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya kamera?"

"Kamera ziko humu?"

"Ziko wapi kwingine? Fundi aliyezifunga alisema mahali pawe na giza na pasiwe na watu. Mbona nyie wa kompyuta hamjui? Nilidhani ni zenu."

Ndani, juu ya madumu ya sabuni, imekaa DVR inayowaka taa zake. Ileile ya kamera za korido, yenye tarehe ya Januari 2000. Video tulizozitazama wiki iliyopita kutafuta mhalifu zilirekodiwa na kifaa tulichokuwa tunakitafuta.

Nilimpigia Mkuu papo hapo. Alinyamaza, kisha akauliza kama inaweza kuzimwa bila kupoteza video. Swali zuri, nililihitaji. Hatukuizima. Tuliihamisha poti 17 kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile) ya karantini isiyotoka popote, ikaendelea kurekodi. Pakiti zake zikaanza kugonga ukuta. Kwenye grafu ya mpakani sakafu ilianguka mara moja, mstari ulionyooka kwenda chini kama haujawahi kuwepo.

Alhamisi

Imepatikana, lakini iliingiaje? DVR iko ndani, nyuma ya NAT. Telnet ya nje haiwezi kuifikia hivihivi.

Jibu liko kwenye rauta. Katikati ya sheria za NAT kuna moja inayochukua anwani nyingine ya umma ya chuo na kuelekeza *poti zake zote* kwa 10.20.8.45. Maelezo yake ni maneno mawili: "kamera, muda". Aliyeiandika alishaondoka chuoni. Fundi wa kamera alihitaji mkuu wa ulinzi aone picha kwenye simu akiwa nyumbani, akaomba mlango, akapewa nyumba nzima. Wadudu waliingia kwa anwani moja. DVR ikitoka yenyewe ilipitia sheria ya jumla, kwa anwani ya wote, ile ya maabara na hosteli. Ndiyo maana hata kama tungekagua anwani iliyolalamikiwa mwaka mzima tusingeona sheria hii.

Tulikaa na watu wa Milki, idara ya majengo na mali za chuo, maana kwenye makaratasi kamera ni zao. Wao wanasema walinunua kamera, mtandao ni wa TEHAMA. Sisi tunasema hatukuwahi kukabidhiwa. Wote tuna haki, na wote tumekuwa na kifaa kilichoambukizwa juu ya madumu ya sabuni. Mkuu wa ulinzi alikuwa amekasirika kwa sababu nyingine.

"Nywila tulibadilisha," alisema. "Siku ileile ya kwanza. Nilisimama nikaona."

Anasema kweli. Walibadilisha ya ukurasa wa kuangalia picha. Lakini vifaa vingi vya aina hii vina nywila nyingine ya telnet, imechongwa ndani ya programu ya kiwandani, na menyu haina mahali pa kuibadilisha. Hakuna mtumiaji wa kawaida angeijua. Nimeomba hilo liandikwe kwenye taarifa kwa maneno yanayoeleweka, asije mtu akamtupia lawama.

Tukafanya jaribio kwenye karantini. Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, haijiandiki kwenye diski. Tuliizima DVR na kuiwasha: kimya kabisa, na telnet ikafunguka tena ikisubiri mgeni. Zamani, kwa sheria ile ya rauta, mgeni angefika baada ya dakika chache. Ina maana kila umeme ulipokatika na jenereta kuwaka, kifaa kilipona, kisha kikaambukizwa upya. Zile dakika nilizoziandika Ijumaa, ambazo sakafu ilishuka kabla ya kurudi zilikuwa na maana zaidi ya jenereta.

Mwenzangu alitaka tuitupe. Nakubaliana naye rohoni. Lakini kununua nyingine ni zabuni, na zabuni ni mwaka wa fedha ujao. Hadi hapo: DVR iko VLAN yake, haitoki intaneti kwa namna yoyote, inafika kwenye seva yetu ya saa tu. Mkuu wa ulinzi anaangalia picha kwa kupitia WireGuard, njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa chuo, kwenye simu yake. Ilimchukua muda kuizoea, sasa anasema inafunguka haraka kuliko zamani. Sheria ya "kamera, muda" imefutwa. Mpakani tumezuia poti 23 na 2323, zinazokwenda nje na zinazoingia ndani, kwa chuo kizima. Mhadhiri mmoja wa uhandisi amelalamika kwamba anafundishia telnet. Tumempa maabara iliyojitenga.

Jumatatu

Mtoa huduma amethibitisha kwamba tangu Jumatano iliyopita hajaona kitu kutoka kwetu. Nimemwomba ripoti zijazo ziwe na poti ya chanzo, na zitaje UTC kwa herufi. Amekubali la pili haraka, la kwanza "wataliangalia".

Daftari la maabara limerudi. Mkuu alimwita mmoja wa wale vijana watatu, akamwambia jambo limekwisha. Kijana hakujua kulikuwa na jambo. Nimependekeza kwa maandishi kwamba majina ya watu yasitoke kwenye daftari kwenda ofisi yoyote kabla saa ya tukio haijathibitishwa na mtu wa pili. Mkuu ameongeza kwa kalamu yake: "na eneo la saa".

Kumbukumbu za NetFlow tutazitunza kwa siku 90, kisha zijifute. Wapo waliotaka mwaka mzima. Sioni tutakachofanya nazo kwa mwaka mzima zaidi ya kuzionea aibu siku zikivuja.

Kilichobaki ni hesabu ya vifaa. Nimepitisha orodha ya MAC zote za jengo la utawala zisizo kwenye rejista ya mali. Zimepatikana printa mbili, mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, na kifaa kimoja cha kidhibiti cha sola ambacho hadi sasa kila idara inasema si chake. Hakuna chenye dalili mbaya, lakini vyote vinne vimehamishiwa karantini hadi mwenyewe ajitokeze. Cha mahudhurio kilipata mwenyewe ndani ya nusu saa.

Kampasi ya chini ina DVR ya aina ileile, ilifungwa na fundi yuleyule. Kwenye NetFlow haionyeshi kitu, ila sitaki kuiandika safi bila kuiona. Funguo za stoo yake ziko kwa ofisa wa Milki aliye likizo hadi mwezi ujao, na dokezo la kuomba funguo za akiba limeondoka leo saa sita mchana.